Kiangazi kimoja Lexington: mvulana wa miaka 11, vitabu, na mama asiyesoma Kiingereza

Mvulana wa kisa hiki anaishi Lexington, Kentucky, nchini Marekani. Alikuwa na miaka 11 na amemaliza darasa la tano. Wazazi wake ni Wabembe wa Kivu ya Kusini. Yeye alizaliwa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, akaondoka huko na miaka 6. Nyumbani wanaongea Kiswahili, Kibembe wakiwepo wazee. Nimebadilisha mambo madogo ya familia ili wasitambulike, na shule na maktaba sizitaji. Mimi nilikuwa mkalimani wao katika vikao vya shule, kisha nikawa tantine, yaani shangazi, wa nyumbani, kama ilivyo kawaida kwa Wakongo: ukishakaa mezani kwao mara mbili, tayari una cheo.

Mwezi Mei, karibu na kufunga shule, mwalimu alimwita mama. Akamwonyesha matokeo ya mtihani wa kompyuta ambao watoto hufanya mara kadhaa kwa mwaka. Kwa kusoma, kijana alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mtoto anayeanza darasa la tatu. Nilipolitafsiri hilo, mama alinigeukia kana kwamba nimekosea. Huyu huyu ndiye anayemtafsiria hospitalini, dukani na kwa mwenye nyumba. Anacheka na Wamarekani wenzake hadi huwezi kuwatofautisha. Atashindwaje kusoma?

Jibu lake ni la zamani na linajulikana vizuri kwa wanaofundisha watoto wahamiaji. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alianza kulieleza mwishoni mwa miaka ya 1970: Kiingereza cha uwanjani mtoto hukipata ndani ya miaka miwili hivi, lakini Kiingereza cha kitabuni, chenye sentensi ndefu na maneno ambayo hakuna mtu huyatamka kwenye mpira, huchukua miaka mitano hadi saba, pengine zaidi. Kijana alikuwa na miaka mitano Marekani, na mmoja kati ya hiyo ulipotea kwenye kuhamahama. Kwa hesabu hiyo hakuwa mzembe wala mzito wa kichwa. Alikuwa katikati ya njia, na njia yenyewe ilikuwa inapanda mlima, kwa sababu kuanzia darasa la nne vitabu hubadilika. Jeanne Chall wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahi kuutaja mporomoko wa darasa la nne: mtoto aliyefundishwa kusoma sasa anatakiwa asome ili afundishike, na yule ambaye msamiati wake ni mdogo huanza kuachwa hapo, kimyakimya, huku akiendelea kusoma kwa sauti bila kukwama.

Mbele yake zilikuwa takriban wiki kumi na moja bila shule, kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Agosti. Baada ya hapo, shule mpya, darasa la sita, walimu wengi badala ya mmoja.

Mwalimu alimpa mama karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa orodha ya vitabu. Ya pili ilikuwa jedwali la dakika: mtoto asome dakika 20 kila siku, mzazi atie sahihi kila siku. Maktaba ya umma nayo ilikuwa na mpango wake wa kiangazi, kama zilivyo maktaba karibu zote za Marekani. Unajiandikisha bure, unahesabu ulichosoma, unapata zawadi. Kwa mtu anayetoka mahali ambapo kitabu cha hadithi ni mali ya kufungiwa kabatini, huu ni utajiri usioelezeka, na mama aliufurahia kwa dhati. Juni ikaanza vizuri.

Kufikia katikati ya mwezi, mambo yalikuwa yameharibika, na inafaa kuangalia yaliharibikaje, maana kila hatua peke yake ilionekana ya busara.

Jedwali la dakika ndilo lililotangulia. Mama hasomi Kiingereza; aliweka sahihi chini ya tarakimu alizoletewa. Siku za kwanza zilikuwa za kweli. Baadaye kijana akagundua kwamba anaweza kujaza wiki nzima Jumamosi asubuhi: 20, 20, 20, kalamu moja, mwandiko mmoja. Simlaumu sana. Karatasi iliuliza amekaa na kitabu kwa muda gani, haikuuliza kuna nini ndani ya kitabu, na mtoto mwerevu hujibu alichoulizwa. Dada yake mkubwa, mwenye miaka 15 na ndiye anayewalinda wadogo wazazi wakiwa kazini, alijua muda wote. Alinyamaza kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Pili, kitabu chenyewe. Kwenye ile orodha alichukua kitabu kinene kilichowahi kushinda tuzo. Alikichagua kwa jalada, na nadhani pia kwa heshima: alitaka baba akione. Nilimwomba anisomee ukurasa wa kwanza. Alisoma kwa sauti nzuri, bila kukwama. Nikamwambia akunje kidole kwa kila neno asilolijua maana yake. Vidole vya mkono mmoja viliisha kabla ya nusu ya ukurasa. Walimu wengi huutumia mtihani huu mdogo: vidole vitano kwenye ukurasa mmoja, kitabu hicho kisubiri. Yeye alikuwa akijikongoja nacho kwa wiki mbili na hakujua mhusika mkuu anatafuta nini.

Tatu, baba. Anafanya kazi ya ghala zamu ya usiku, analala mchana, na subira yake kwa kelele ni fupi. Aliposikia habari ya darasa la tatu, alitoa amri: hakuna mpira mpaka usome saa moja. Nia njema kabisa. Lakini kuanzia siku hiyo kitabu kikawa askari wa getini. Kijana alikuwa akisoma huku akitazama saa, na saa moja ilipotimia alikiacha katikati ya sentensi.

Nne, zawadi. Maktaba ilitoa zawadi kwa kila kiasi fulani cha kusoma. Aliifikia ya kwanza haraka, kwa dakika zile za kalamu moja, kisha akasimama kabisa. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha jaribio lao na watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti kwa kuchora, na wakakipata, baadaye walichora kwa hiari yao kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Sisemi zawadi za maktaba ni mbaya. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuvuka mlango wa maktaba, zawadi humvusha mlango. Ila kwa huyu, zawadi ilimwambia kwamba kusoma ni kazi ya malipo, na kazi ya malipo ikiisha mtu huenda nyumbani.

Hapo ndipo familia iliponipigia simu. Mama alikuwa amekata tamaa kwa namna ya utulivu inayonitisha kuliko hasira. Alisema: "Ntamusomesha na nini, tantine, mie sijue Kizungu?"

Nitakaa kidogo kwenye swali hilo kwa sababu ndilo kiini cha kisa. Wazazi wengi wa kwetu walioko Ulaya na Marekani wanaamini kwamba habari ya kusoma ya mtoto imewatoka mikononi. Shule inatumia lugha wasiyoisoma, basi wao wabaki na nidhamu: amri, sahihi, kunyang'anya simu. Na shule, kwa karatasi zake, huwathibitishia hivyo hivyo, maana inawaomba sahihi tu. Msimamo wangu ni kwamba kiangazi kile kiligeuka siku mama alipopata kazi nyingine ya kufanya, ambayo haikuhitaji Kiingereza hata kidogo. Mengine yaliyobadilika yalisaidia. Hilo ndilo lililobeba.

Lakini kwanza tulihitaji kitabu kinachosomeka.

Dada mkubwa aliwapeleka wadogo maktaba kwa basi, na chambo kilikuwa chakula. Majira ya joto serikali ya Marekani hulipia chakula cha mchana kwa watoto wote hadi miaka 18 katika vituo vilivyo wazi, bila kuulizwa karatasi, na baadhi ya maktaba ni vituo hivyo. Kwa hiyo siku za wiki kulikuwa na sababu ya tumbo ya kufika. Mkutubi wa sehemu ya watoto alifanya jambo ambalo ningependa kila mtu mzima alijue: hakumuuliza kijana anapenda kusoma nini. Mtoto asiyesoma hana jibu la swali hilo, litamwaibisha tu. Alimuuliza anapenda kutazama nini. Mpira. Wanyama wakali. Hadithi za kutisha, mizimu na majini. Mkutubi akarudi na rundo, akaliweka mezani, akasema achukue yoyote, na akichoka na kimoja baada ya kurasa kumi akirudishe bila kujieleza.

Karibu vyote vilikuwa vya picha. Riwaya za picha, zile ambazo hadithi nzima inakwenda kwa michoro na maneno ndani ya viputo, na vitabu vifupi vya habari za kweli kuhusu papa na nyoka. Vingi vilikuwa vya mfululizo, na hilo si jambo dogo. Mfululizo humpa msomaji dhaifu nafasi ya kuingia kitabu cha pili akiwa tayari anawajua watu, mahali na namna mwandishi anavyoongea. Taabu ya kurasa za kwanza, ambayo ndiyo huwaua wengi, inalipwa mara moja na kutumika mara sita.

Baba aliviona mezani akachukia. Picha tupu, alisema. Mtoto wa miaka 11 na katuni! Nilimwelewa. Kwetu kitabu cha maana hakina picha, na kadiri kilivyo kizito ndivyo kinavyoheshimika. Nilimpa hesabu, kwa kuwa ni mtu wa hesabu. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens walipima maneno adimu katika maandishi na mazungumzo ya aina mbalimbali. Mazungumzo ya watu wazima waliosoma chuo yalikuwa na maneno adimu 17 hivi katika kila maneno 1,000. Vitabu vya watoto, 31 hivi. Vitabu vya katuni, zaidi ya 53. Kwa maneno mengine, kijana wake angekutana na maneno magumu kwenye katuni mara tatu ya yale ambayo angeyasikia akikaa na wasomi sebuleni, na picha ingekuwa pale kumsaidia kukisia. Baba hakushawishika sana, lakini alikubali kuondoa amri ya saa moja kwa wiki mbili za majaribio. Alisema atanilaumu mimi. Sawa.

Sasa kazi ya mama. Anafanya usafi hotelini, anarudi alasiri, anapika. Nilimwomba jambo moja: wakati wa kupika, kijana akae jikoni amsimulie alichosoma, kwa Kiswahili, na yeye afanye kile ambacho angefanya shangazi yake akimletea habari za kijijini. Asikilize kwa masikio ya mtu anayetaka kujua.

Siku ya kwanza simulizi ilichukua dakika mbili. Kuna mvulana, ana mbwa, wakaenda msituni, wakaona mzimu, basi. Mama akauliza mzimu wa nani. Hakujua. Akauliza kwa nini waliingia msituni usiku na si mchana. Hakujua. Akaenda kuchukua kitabu.

Kilichotokea hapo, kwa lugha ya walimu, ni mafunzo ya ufahamu: kusimulia upya, kuuliza maswali, kurudi kwenye maandishi kutafuta ushahidi, kukisia kitakachofuata. James Kim na Thomas White walichapisha mwaka 2008 jaribio na watoto wa darasa la tatu hadi la tano waliopewa vitabu vya kusoma kiangazi. Kundi lililofanya vizuri kuliko wasiopewa kitu ni lile lililopewa vitabu pamoja na maandalizi ya walimu na msaada wa nyumbani katika kusoma kwa sauti na katika ufahamu. Vitabu peke yake havikutosha. Mama wa Kibembe, bila kulisoma hilo, alikuwa na silaha kubwa kuliko karatasi ya mwongozo: hakujua kabisa hadithi inakwendaje. Swali la mwalimu mtoto hulihisi kuwa mtego, kwa sababu mwalimu jibu analo. Swali la mama lilikuwa njaa ya kweli. Jioni moja nilikuwepo akamkatiza: "Ngoja, huyo mzee si ulisema amekufa?" Kijana akasimama, akafikiri, akasema si yeye, ni pacha wake. Kisha akanyamaza tena, akakimbilia kitabu, akarudi uso umebadilika. Hakukuwa na pacha. Alikuwa amesoma vibaya sura nzima, na mama asiyejua herufi ya Kiingereza ndiye aliyeikamata.

Kingine ni Kiswahili chenyewe. Kusimulia kwa Kiswahili hadithi uliyoisoma kwa Kiingereza si kutafsiri neno kwa neno. Huwezi kuifanya kwa kukariri. Lazima uwe umeielewa, uiachie maneno yake, uitafutie mengine. Mtoto anayesimulia kwa lugha ileile ya kitabu anaweza kurudia sentensi asizozielewa na mtu mzima asigundue. Kwa hiyo nasema waziwazi kwamba kutojua Kiingereza kwa mama, katika hili, kulikuwa faida. Najua wapo watakaosema natia chumvi.

Mdogo wao wa kike alikuwa na miaka 5, na yeye aliingia kwenye kisa kwa mlango wa nyuma. Alikuwa akisikia simulizi za jikoni, akataka zake. Kwenye mtandao kuna hadithi za bure za watoto kwa Kiswahili, African Storybook na StoryWeaver wanazo nyingi, zenye picha na mistari michache kwa ukurasa. Nilimwekea kijana kwenye kishikwambi cha shule cha dada yake. Hakuwahi kufundishwa kusoma Kiswahili, aliondoka Nyarugusu kabla. Ila Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, na yeye herufi alikuwa nazo tayari. Jioni chache zilimtosha. Kwa mdogo wake alisoma vitabu vya ngazi ambayo mbele ya rafiki zake angekufa kwa aibu. Hili ni jambo la kuzingatia kwa umri huu. Msomaji wa miaka 11 aliye nyuma anahitaji vitabu rahisi vingi, na hiyo ndiyo miaka ambayo hawezi kuonekana na kitabu rahisi. Mpe mdogo wa kumsomea, na aibu inakwisha: hasomi kitabu cha kitoto, anamlea mtoto.

Nisipambe. Mwanzoni mwa Julai mambo yalilala tena. Binamu zake walikuja kwa sikukuu ya uhuru wa Marekani, tarehe 4, wakakaa karibu wiki mbili, watoto wanane ndani ya vyumba viwili, simu zikipita mkono kwa mkono hadi usiku wa manane. Mfululizo wa mizimu nao ulikuwa umeisha. Kuna pengo hatari kati ya kumaliza mfululizo mmoja na kuanza mwingine, na mtoto ambaye mazoea yake hayajakomaa huweza kukaa ndani ya pengo hilo miezi.

Aliyewatoa ni dada wa miaka 15, na simpi sifa za bure. Alitangaza kwamba baada ya chakula cha mchana simu zote zinawekwa juu ya friji kwa muda, pamoja na yake. Hapo penye "pamoja na yake" ndipo palipoipa sheria uhai. Baba alishawahi kunyang'anya simu za watoto huku yake ikimlia sikioni, na haikufika popote. Dada alichukua kitabu chake mwenyewe, cha mapenzi sijui ya nani, akalala sakafuni mbele ya feni. Binamu wawili wakaiga kwa kukosa la kufanya. Uchovu wa mchana wa kiangazi ni rasilimali, na nyumba nyingi huuziba kwa skrini kabla haujazaa kitu. Sheria ya friji haikuwa na dakika 20 wala saa moja. Ilikuwa na wakati wake katika siku, baada ya kula, na ndiyo maana ilishika: mtoto hakuhitaji kukumbuka kusoma, alihitaji kula.

Pengo la mfululizo lilizibwa na mkutubi. Kijana alifundishwa kuweka oda ya kitabu kabla hajamaliza alichonacho, ili kimoja kiwe mkononi na kingine njiani. Pia alipakua vitabu vya kusikiliza kwenye programu ya Libby kwa kadi ya maktaba, bure, na kwa kitabu kimoja kisicho na picha alisikiliza huku akifuatilia maandishi kwa kidole. Kilikuwa juu kidogo ya ngazi yake. Sauti ilimvusha kwenye maneno ambayo angekwama. Kwa kitabu kizito kile cha Juni hakurudi, na hakuna aliyemkumbusha.

Habari ya faini niitaje, kwa sababu inazuia familia nyingi kimyakimya. Mama alikuwa akificha vitabu juu ya kabati akiogopa mdogo atavichana na wao watadaiwa. Kitabu kilicho juu ya kabati hakisomwi. Maktaba nyingi za Marekani zimefuta faini za kuchelewesha; Chicago ilifuta mwaka 2019, na miji mingi ikafuata. Kitabu kilichopotea au kuharibika bado hulipiwa kwa kawaida, lakini siku tatu za kuchelewa siyo tena jambo la kumnyima mtu usingizi. Kila familia iulize tawi lao. Walipojua, vitabu vilishuka vikakaa kwenye kikapu kando ya kochi.

Shule ilifunguliwa Agosti. Kijana alikuwa amesoma vitabu kumi na kadhaa, vingi vifupi, bila kuhesabu vya mdogo wake. Mtihani wa mwanzo wa mwaka ulionyesha hajashuka na amepanda kidogo. Sitaki kujenga ghorofa juu ya hilo. Mtoto mmoja si ushahidi, na hata suala la watoto kuporomoka wakati wa kiangazi linabishaniwa: Paul von Hippel wa Chuo Kikuu cha Texas mwaka 2019 alieleza jinsi baadhi ya matokeo maarufu ya zamani yalivyotegemea namna mitihani ilivyopimwa. Wapo pia watafiti waliogawa vitabu na kuona karibu si kitu. Kim na Jonathan Guryan waliwapa vitabu vya kiangazi watoto Walatino wa darasa la nne wa familia maskini, vitabu walivyovichagua wenyewe, na mwaka 2010 wakaripoti kwamba havikuinua alama zao kwa kiwango cha kuonekana. Familia hizo zinafanana na hii kuliko zozote nyingine nilizozitaja, ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema wape vitabu tu, yatajipa.

Utafiti ninaouona karibu zaidi na kisa hiki ni wa Barbara Heyns, wa mwaka 1978, kwa sababu aliwafuata watoto wa darasa la sita na la saba, wa Atlanta, umri huu huu. Katika yote waliyoyafanya kiangazi, kusoma ndiko kulikoshikamana zaidi na kujifunza, na maktaba ya umma ilichangia kuliko taasisi nyingine yoyote, shule za kiangazi zikiwemo. Na aliona kwamba umbali wa maktaba kutoka nyumbani una uzito. Nikitazama nyuma, basi na chakula cha mchana vilifanya kazi kubwa kuliko zile karatasi mbili za mwalimu.

Kwa hiyo nikipanga sababu kwa uzito wake, naanza na jikoni. Kisha uhuru wa kuchagua na kuacha kitabu. Kisha ngazi sahihi, halafu wakati uliofungwa kwenye mlo, na dada aliyeweka simu yake kwanza. Zawadi naiweka chini kabisa. Jedwali la dakika nisingelitumia tena kwa mtoto wa umri huu. Nafasi yake ningeweka mstari mmoja ambao mzazi anaandika, kwa lugha yoyote: leo ameniambia nini.

Yapo ambayo hayakutatuka. Baba bado anaviita vile vitabu katuni, ingawa nilimkuta Septemba akiuliza juu ya papa kwa undani ambao hakuupata kwenye televisheni. Mpira wa shule mpya umekula siku za kazi. Usomaji umebaki Jumamosi na jioni mbili tatu. Na Kiswahili kina tatizo ambalo maktaba ya Lexington haiwezi kulitatua peke yake: hadithi za bure zilizoko mtandaoni nyingi ni za watoto wa rika la mdogo wake. Mvulana wa miaka 11 anayetaka mizimu, mpira na vita vya wanyama kwa Kiswahili, vitabu vyembamba vyenye sura fupi, huishiwa upesi. Vipo Dar es Salaam na Nairobi, kwa wachapishaji wanaoandikia rika hilo, lakini havisafiri. Mama ameshamwagiza ndugu anayekuja Desemba alete vitano au sita kwenye begi, na mkutubi ameniomba orodha ya majina ya vitabu na ya wachapishaji ili ajaribu kuviagiza kabla ya Juni. Naiandaa. Mwenye vitabu vya kupendekeza kwa umri wa miaka 10 hadi 13, visivyo vya mtihani, aniletee.